Hotuba Juu ya Watoto Wetu na Elimu ya Kuamrisha Mashine

(Maneno yaliyosemwa katika sherehe ya ukumbusho wa chuo chetu, Nyundo, Wilaya ya Rubavu)



Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, wageni wetu mliotoka Gisenyi na Mahoko, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Waliopanga shughuli ya leo walitaka niseme juu ya historia ya chuo. Historia hiyo wazee walionitangulia wamekwisha isimulia, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo limetugawanya tangu mwezi wa Shaaban, nalo ni vile vichezeo.

Naona wengine wamekwisha kucheka. Chekeni, lakini msikilize. Jumuiya yetu ina fedha kidogo iliyochangwa kwa jasho. Wako wanaotaka fedha hiyo yote ijenge ukuta wa uani, na wako wanaotaka sehemu yake inunue vyombo vya kuwafundishia watoto elimu ya kompyuta. Maneno makali yamesemwa, hata wazee wawili waliokuwa wakija msikitini kwa njia moja sasa kila mtu apita yake. Mimi nami nimo katika jambo hili, kwa kuwa wa kwanza kulipinga nilikuwa ni mimi.

Lilianza hivi. Mwalimu mmoja kijana, binti wa jamaa zetu, asomeshaye shule ya msingi, alinijia akaomba apewe saa moja kila Jumamosi, baada ya darasa la Qurani, awafundishe watoto namna ya kuziamrisha kompyuta. Nikamwuliza, "Kompyuta zenyewe ziko wapi?" Akafungua kikapu chake akatoa kichezeo cha plastiki, umbo lake kama nyuki, kina magurudumu chini na vibonye mgongoni. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ni chuoni." Nikasema na maneno mengine ambayo sina haja ya kuyarudia, naye amekwisha nisamehe.

Kichezeo kile chaitwa Bee-Bot, nacho kilibuniwa Uingereza kwa ajili ya watoto wadogo. Ukibonyeza kibonye cha mbele mara moja, umekiamrisha kiende sentimita 15. Ukibonyeza cha kulia, hakitakwenda popote, kitageuka pale pale robo ya duara. Lakini hakifanyi lolote wakati ule unapobonyeza. Chayahifadhi maagizo yote kwa taratibu ulivyoyapanga, mpaka utakapobonyeza kile kibonye cha katikati. Hapo ndipo kitakapoondoka na kuyatimiza moja baada ya moja, bila ya kuongeza wala kupunguza. Basi mtoto hana budi kuifikiri safari yote kabla haijaanza. Ahesabu hatua, ajue atageuka wapi, tena ajitie mahali pa nyuki, kwani kulia kwa nyuki aliyemwelekea si kulia kwake yeye. Hiyo ndiyo iitwayo programu: maagizo yaliyopangwa kabla, kwa lugha ambayo mashine yaifahamu.

Nilimruhusu kwa Jumamosi moja tu, nami nikaketi pembeni na tasbihi yangu nikingoja mambo yaharibike ili nipate la kusema. Akatandika turubai alilolichora miraba, na katikati akachora mto. Watoto wakasema mara moja, "Huo ni Sebeya." Hapana mtoto wa Nyundo asiyeujua Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu, mto ule uliingia majumbani mwetu, na wamo katika mkutano huu waliopoteza nyumba. Pembe moja ya turubai palichorwa nyumba, pembe ya pili msikiti, na juu ya mto daraja moja. Kazi ilikuwa kumpeleka nyuki kutoka nyumbani mpaka msikitini bila ya kumtumbukiza majini.

Kundi la kwanza lilimzamisha. La pili likafika darajani likageuka kabla ya wakati. La tatu lilikuwa na watoto hodari, wale ambao mimi huwapa kusoma mbele ya wageni. Walihesabu vizuri, wakabonyeza vizuri, na nyuki akaenda njia ya ajabu kabisa ambayo hawakumwagiza. Wakasema kimeharibika. Hapo mtoto mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akasema kwa sauti ndogo, "Hakijaharibika. Kinakumbuka na ya wale wa kwanza."

Ikawa kweli. Kichezeo kile kina kibonye cha kufuta, na usipokibonyeza, maagizo mapya huongezwa juu ya yale ya zamani. Watoto thelathini hawakuliona jambo lile, wala mimi sikuliona. Aliyeliona ni huyo.

Nataka niwaambie huyo alikuwa nani, bila ya kumtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka mitatu alikuwa hajatoka katika hijai. Mimi mwenyewe nilimketisha mlangoni pamoja na watoto wadogo. Kila alipokosea nilimwambia, "Umekosea, rudia," naye akarudia, akakosea pale pale. Sikumpiga, lakini ziko namna nyingi za kumwumiza mtoto bila ya fimbo. Mama yake alikuwa amekwisha niambia kwamba mwisho wa mwezi atamtoa chuoni, akamsaidie kuuza karoti Mahoko, kwa kuwa kusoma hakumwelei. Nami nilimjibu kuwa labda ni kheri.

Usiku ule sikulala vizuri. Jumatatu nikamwita yule mtoto, nikamwambia tusisome. Tutafute tu mahali kosa linapoanzia, kama ulivyofanya kwa nyuki. Tukaenda herufi kwa herufi. Herufi zote alizijua zikiwa peke yake. Zilipounganishwa ndipo alipopotea, kwani herufi ya he mwanzoni mwa neno ina sura yake, katikati ina sura nyingine, na mwishoni nyingine tena; naye alizidhani kuwa ni herufi tatu ambazo hajafundishwa, akaona haya kuuliza. Miaka mitatu, ndugu zangu. Jambo la siku mbili lilimkalisha mlangoni miaka mitatu, kwa sababu mwalimu wake alisema "umekosea" na hakuuliza wapi.

Basi ndivyo nilivyobadili rai yangu. Wala sikuvutwa na plastiki.

Nilimwomba binti yule anifundishe. Elimu yangu ya skuli ni ya msingi tu, na iliyobaki niliipata mikekani mbele ya masheikh. Nilidhani sitafahamu, kumbe mengi nilikuwa nayajua kwa majina mengine. Aliniambia kwamba kila programu imejengwa kwa mambo machache: kwanza taratibu, yaani lipi litangulie na lipi lifuate, pili marudio, tatu sharti. Nikamwambia, "Unanieleza udhu." Sisi Mashafii twasema kuwa tartibu ni faradhi katika udhu, huwezi kuanza kwa miguu ukamaliza kwa uso. Kuosha mara tatu tatu ni marudio. Na mtu asipopata maji, akatayamamu, hilo ndilo sharti: likiwapo hili fanya hivi, lisipokuwapo fanya vile. Akacheka, na tangu siku ile aanza kwa udhu kila anapofundisha watoto wapya, nao hufahamu upesi. Lakini nilimtahadharisha asiupeleke mfano huu mbali, kwani faradhi ya kwanza ya udhu ni nia, na nia mashine haina.

Huenda mzee mmoja akasema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Neno lenyewe walitumialo wataalamu kwa taratibu ya hesabu kama hii, algoriti, limetokana na jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Na mwaka 1206 Al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa Diyarbakir, alimaliza kitabu cha vyombo vya ajabu. Mlikuwamo mashua ya wapigaji ngoma wa bandia, ambao mapigo yao yaliamrishwa na vijiti vilivyopachikwa katika gogo lenye kuzunguka. Mlikuwamo pia vyombo vya kumtilia mfalme maji ya udhu, kwa kuwa mfalme yule hakupenda kumiminiwa na mtumishi. Sitaki kurefusha hapo. Kujisifu kwa babu hakumfundishi mjukuu.

Na huyu aliyeanza kuwafundisha watoto kwa njia hii alizaliwa katika bara letu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1928. Alikwenda Geneva akafanya kazi na Jean Piaget, bingwa wa kuchungua jinsi watoto wafikirivyo, kisha akahamia Marekani. Huko, mwaka 1967, yeye na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon wakatunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Baadaye wakatengeneza roboti ya kutambaa sakafuni wakaiita kobe. Ilikuwa na kalamu tumboni, na kila iendapo yachora. Roboti zilikuwa ghali, basi kobe akatiwa ndani ya kioo cha kompyuta. Mwaka 1982 Logo ilipelekwa Dakar, Senegal, kwa watoto wa huko. Jambo ambalo Papert alilishikilia zaidi ni kwamba kosa la mtoto lisifanywe aibu; lichunguzwe kama fundi achunguzavyo mashine, kwani ndani yake mna habari. Alifariki mwaka 2016. Laiti ningalimsikia mapema.

Kobe huyo nami amenifedhehesha. Binti yule alinipa kompyuta yake akaniambia nichore mraba. Nikaagiza: nenda mbele, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Ukatoka mraba mzuri, nikajiona. Akasema, "Sasa sheikh, chora pembetatu yenye pande sawa." Mimi nakumbuka tangu darasani kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, basi nikaagiza aende mbele, ageuke nyuzi 60, arudie mara tatu. Ikatoka nusu ya umbo la pembe sita, iko wazi kama zizi lisilo mlango. Nikasema kimeharibika! Watoto wakafurahi sana. Akaniambia nisimame, niitembee pembetatu kwa miguu yangu. Nikashika kanzu yangu nikatembea uani mbele yao wote, na nilipofika penye kona ya kwanza nikaona kwamba mwili wangu haugeuki nyuzi 60 bali wageuka sana, karibu ya kurudi nilikotoka. Pembe ya 60 ni ile ya ndani, iliyobaki kati ya njia mbili. Mgeuko wenyewe ni 120. Na mtu akizunguka mpaka akarudi alipoanza, akaangalia alikoangalia kwanza, amegeuka duara nzima ya nyuzi 360: tatu mara 120, au nne mara 90. Nina umri wa miaka zaidi ya hamsini, na siku ile ndipo nilipofahamu pembe ni nini. Zamani nilikuwa nimeihifadhi tu.

Sasa niseme habari ya nchi yetu. Kuanzia mwaka 2008 Serikali ilianza kugawa mashuleni zile kompyuta ndogo nyeupe na kijani, na zilizogawiwa zilipita 200,000. Ndani yake mlikuwamo kobe huyo huyo, na mlikuwamo Scratch. Nilipata kuziona katika shule moja ambayo sitaitaja, zimefungiwa kabatini zikingoja wageni; na wageni walipokuja, betri zilikuwa zimekufa. Hilo ni funzo kubwa kwetu sisi tunaotaka kununua. Chombo bila ya mwalimu ni mzigo. Na katika Wilaya ya Nyabihu, jirani zetu wa njia ya Musanze, ilifunguliwa mwaka 2019 shule ya Rwanda Coding Academy, inayowapokea vijana hodari kwa elimu hii. Mabasi ya Kigali yapita kila siku hapa petu kwenda upande huo. Nauliza tu: katika watoto wetu waliomo humu, nani atakayefikiri kuomba kuingia shule kama ile, ikiwa hajapata kuona amri moja ikitii?

Scratch, kwa wasioijua, ilitolewa mwaka 2007 na wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, wakiongozwa na Mitchel Resnick, aliyekuwa akifanya kazi na Papert. Ndani yake mtoto haandiki maneno ya amri. Huyavuta kwa kidole au kwa kipanya, kwani kila amri ni kipande chenye rangi na meno, na vipande hushikana kama matofali. Kisichofaa kufuatana hakishikani. Kipande cha marudio kina umbo la mdomo, hukumbatia vile vya ndani. Haina malipo, na ikisha tiwa katika kompyuta yaweza kutumika bila ya intaneti. Tena yasomeka kwa Kiswahili, na kwa Kiarabu, na kwa Kifaransa. Kiswahili, ambacho wengine walikicheka kuwa ni lugha ya Waislamu wa sokoni, tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Na sasa watoto wetu waweza kuiamrisha mashine kwa lugha waliyoisikia kwa bibi zao. Kwa wadogo wasiojua kusoma iko nyingine, ScratchJr, ya mwaka 2014, yenye picha na mishale tu.

Nimesikia hoja tatu dhidi ya jambo hili, na wenye kuzisema nawaheshimu.

Ya kwanza ni kwamba nyuki yule ni sanamu. Wanavyuoni wengi wameruhusu vichezeo vya watoto, na dalili yao ni hadithi mashuhuri ya wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.). Lakini ambaye moyo wake hautulii, basi na amvike nyuki karatasi awe gari. Ataenda vile vile.

Ya pili ni kwamba watoto watapenda kioo kuliko msahafu. Hofu hii ni ya kweli, nami ninayo. Mtoto anayetazama tu michezo ya wengine katika simu apoteza wakati wake, na baadhi yetu ndio tunaompa simu ili tupate kunyamaziwa. Lakini mtoto anayepanga amri ni mbali na huyo. Ni saa moja kwa juma, baada ya Qurani, na mlango uko wazi. Mzazi aje aone.

Ya tatu ni fedha, na hapo mpinzani ana haki zaidi ya wote. Walioniletea orodha ya roboti sita na tableti kumi nimewarudishia. Huko New Zealand, Profesa Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya elimu hii yaweza kufundishwa kwa kadi, kamba na chaki, bila ya kompyuta hata moja. Sisi tumejaribu. Mtoto mmoja awa roboti, afungwa kitambaa machoni. Mwenziwe ampangia mishale ya makartoni chini. Wa tatu asoma mishale kwa sauti, naye roboti afuata. Makartoni tulipewa bure dukani. Wakati mwingine watoto wa kartoni huzidi kufahamu, kwa kuwa hakuna anayengoja zamu.

Kwa hiyo rai yangu, Bwana Mwenyekiti, ni hii. Ukuta ujengwe, kwani mvua za masika hazitungojei. Yule nyuki mmoja ni wa mwalimu, na amekubali kutuachia. Katika fedha iliyobaki inunuliwe kompyuta moja iliyokwisha tumika lakini nzima, itiwe Scratch ya Kiswahili. Na itakayosalia apewe binti yule kama nauli na asante, kwa maana tangu Shaaban ajilipia mwenyewe. Roboti nyingine zisinunuliwe mpaka tuwe na walimu wawili wanaojua kuzitumia, na wa pili nimejiandikisha mimi. Tena wasichana wapewe zamu sawa ya kubonyeza. Nimehesabu kwa macho yangu: wavulana hushika chombo, wasichana huachiwa kuhesabu miraba, kisha chombo kikifika salama husifiwa aliyeshika.

Yule mtoto wa mlangoni hakwenda kuuza karoti, ila siku za soko baada ya masomo. Yuko katika juzuu ya Amma. Si hodari, bado asoma polepole na kidole chake chini ya neno, lakini akikwama husimama, hurudi nyuma, na kuniambia mwenyewe ni wapi.

Baada ya swala ya Alasiri turubai litatandikwa uani, na watoto watampitisha nyuki darajani. Nimeweka viti viwili mbele, kimoja karibu na kimoja, kwa wale wazee wangu wawili wanaopita njia mbalimbali.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.